Mwizi wa Masika

Mwizi aliyekuwa akitafutwa na bodi ya maji alikuwa na tabia moja ambayo Inspekta, mwanamke aliyekuwa amekamata watu kwa miaka ishirini na sita, hakuwahi kuikuta kwa mwizi mwingine: aliiba wakati wa mvua tu. Kiangazi kikiingia, alipumzika. Mawingu yakitanda, alirudi kazini. Yaani alisubiri mpaka kila mtu awe anamwagiwa maji ya bure juu ya paa lake, ndipo akaenda kuiba ya hodhi.

Haya hayakuwa maneno ya vijiweni. Yalikuwa yamechapwa na kupigwa mhuri katika Mpango wa Ugavi wa Maji wa Miaka Mitano, ukurasa wa tisa, na katibu wa bodi aliyasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Katibu alikuwa mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na mihuri mitano mezani, ameipanga kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Ukutani nyuma yake ilining'inia ngao ya shaba ambayo bodi ilitunukiwa na wakubwa wa juu kwa kujaza hodhi katikati ya ukame.

Inspekta alitazama mchoro wa ukurasa wa kumi. Mstari wa buluu, uliokuwa maji ya hodhi, ulipanda kiangazi chote mpaka kileleni, kisha masika yakaanza nao ukaporomoka. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, mpaka wa tano. Chini yake mtaalamu aliyeletwa kutoka mbali alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili kueleza tabia ya kipekee ya hodhi hilo. Alipendekeza lijengwe hodhi la pili, la kuhifadhia maji ya ziada ya kiangazi.

Mtaalamu hamna neno, alilala hotelini. Lakini bodi ilikuwa ya watu waliozaliwa hapa hapa. Ndiyo bodi ile ile iliyowahi kuzindua bomba la umma ambalo halikuungwa na chochote. Wakakata utepe, wakapigiana makofi, na mpaka leo mbuzi hujikuna pale. Wengine wamesahau. Wengine hatukusahau.

Inspekta aliuliza wanamshuku nani. Katibu akasema mwanzo waliwashuku wafyatua matofali wa mtaa wa bondeni, maana matofali hunywa maji sana.

"Katibu, nani anafyatua tofali mvuani?"

Katibu alifikiri, akakiri kwamba hakuna, na kwamba ndiyo sababu bodi imehamia kwa mtu mwingine. Huyo alikuwa mwangalizi wa hodhi, mzee aliyezoeleka kwa jina la Mzee Mfuniko, kwa kuwa ndiye pekee mwenye ufunguo wa mfuniko wa hodhi. Ameishi kwenye kijumba cha bodi pale kilimani miaka kumi na tisa. Leo saa tisa alasiri, ajenda namba nne, angefukuzwa kazi, atoke kwenye nyumba kabla ya jua kuzama, kisha akabidhiwe polisi. Kilichobaki ni taarifa ya Inspekta, nusu ukurasa tu, na bodi ingeshukuru kama ingekubaliana na ajenda.

"Na kama haitakubaliana?"

Katibu alisogeza mhuri mmoja kidogo. Akaeleza, kwa upole, kwamba muhtasari wa kikao ameshauchapa tangu jana. Huo ndio utaratibu wao. Wajumbe wakikuta muhtasari tayari, hawapati taabu ya kubishana. Akamwonyesha. Ajenda ya nne ilikuwa imeshapita kwa kauli moja, na mwenyekiti alikuwa ameshasahihisha nukta mbili kwa kalamu yake ya kijani, ambayo hakuna mwingine katika jengo lile aliyeruhusiwa kuigusa. Ajenda ya mwisho, Mengineyo, ilikuwa imeahirishwa kwa kukosa muda.

Inspekta aliomba daftari la vipimo. Lilikuwa kubwa, limeletwa jana kutoka kilimani na kufutwa vumbi. Kila siku ilikuwa na mstari wake: tarehe, kina cha maji kwa mita, na safu ya maoni. Akafungua masika yaliyopita. Kina, nukta mbili. Kina, nukta tatu. Hodhi la kwenda chini mita tano lilikuwa na maji ya kulowesha miguu. Katika safu ya maoni, kwa mwandiko wa mtu anayebana kalamu kama msumari, siku hizo hizo palikuwa na maneno: Bomba la kufurikia linamwaga. Bata wanaogelea.

"Huo ndio ushahidi, afande," katibu alisema. "Anamwaga maji ya umma awafurahishe bata."

Inspekta alinakili mstari ule neno kwa neno. Bomba la kufurikia, la kutolea maji yanayozidi, lilikuwa juu ya hodhi, karibu na ukingo. Hilo lilionekana wazi kwenye mchoro wa ramani uliobandikwa mlangoni. Aliuliza tu ni nani anayehakikisha vipimo, na katibu akavimba kifua. Wajumbe wote saba, kila mwisho wa mwezi, kwa macho yao wenyewe. Kanuni ya kumi na nne ya bodi: hakuna mjumbe atakayepigia kura jambo la mgao kabla ya kuona kina kwa macho yake. Sahihi zao saba zilikuwepo kila mwezi, na juu yake neno moja: Tumeona.

Alipokuwa akitoka, Inspekta aliuliza wajumbe wanakunywa chai saa ngapi. Katibu akasema saa tisa na robo, mara baada ya taarifa ya kina. Inspekta akaandika na hilo pia.

*

Kilimani, mke wa Mzee Mfuniko alikuwa anafunga masufuria ndani ya shuka. Alimsalimia Inspekta bila kuinua kichwa, akasema kama amekuja kuwatoa, godoro bado, avumilie. Bata sita walikuwa wamejilaza chini ya bomba la kufurikia, kwenye udongo uliopasukapasuka, wakimtazama mgeni kwa lawama.

"Bwawa la bata liko wapi, mama?"

"Umesimama juu yake. Subiri masika, utaliona."

Mzee alitoka nyuma ya nyumba na ufunguo shingoni. Inspekta alimwomba amwonyeshe namna wajumbe wanavyoona kina kwa macho yao, hatua kwa hatua, bila kuruka. Mzee akaonyesha. Gari linasimama hapa, kwenye kivuli. Wajumbe wanashuka, wanasimama pale chini. Yeye anapanda ngazi ya chuma, vipago ishirini na vinane, anafungua mfuniko, anasoma namba inayoguswa na maji, anaita kwa sauti. Wao wanajibu kwa pamoja: tumeona. Kisha wanatia sahihi juu ya boneti, wanaondoka.

"Hakuna aliyewahi kupanda?"

"Mwenyekiti anaogopa ngazi. Na mwenyekiti asipopanda, mjumbe ni nani hata apande?"

Inspekta alivua viatu, akapanda. Kipago cha ishirini na nane kilikuwa cha moto kama kikaango. Mzee alifungua kufuli, wakainua mfuniko kwa pamoja, mwanga ukaingia ndani. Ubao wa kipimo ulisimama ukutani, mweupe, namba nyeusi nzito, kazi ya mtu anayejua rangi. Juu kabisa, karibu na mkono wake, palikuwa na moja. Chini yake mbili. Halafu tatu, nne. Tano ilikuwa imezama kule chini gizani, na maji yalikuwa yameugusa ubao kati ya nne na tano.

Inspekta aliokota kijiwe kilichokuwa ukingoni, akakiachia. Kilichukua muda. Kilipofika, kilitoa sauti ya kofi kwenye tope.

Kisha Mzee Mfuniko akatoa mfukoni kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni, akaishusha bila kuulizwa, akaipandisha, akahesabu sehemu iliyolowa. Nukta nne ya mita. Ubao ulisema nne nukta sita.

"Mzee, umejua tangu lini?"

"Tangu siku ubao ulipopakwa rangi. Miaka mitano na miezi miwili."

"Na daftarini unaandika nne nukta sita."

"Nimeagizwa niandike namba, mama. Sikuagizwa niandike maji. Maji niliyaandika kwenye maoni, na kwenye barua."

Barua ile aliipeleka kwa mkono wiki ile ile, na akaiombea sahihi ya kupokelewa. Akaingia ndani, akarudi na kijidaftari kilichofungwa kwenye nailoni. Sahihi ya katibu ilikuwepo, na mhuri. Hakujibiwa. Alipouliza, aliambiwa barua iko kwenye utaratibu. Alipouliza mara ya pili, aliambiwa mzee, nyumba unayokaa ni ya bodi, na wewe una mke. Basi akakaa nayo. Kila kiangazi namba ilipanda, bodi ikaamuru valvu zote zifunguliwe kwa kuwa hodhi limejaa, na katika wiki tatu mitaa ikawa inakohoa upepo. Kila masika namba ilishuka, bodi ikaamuru mtaa wa bondeni ufungiwe siku tano kwa wiki, na maji safi yakafurika mchana kutwa kwa bata. Wajumbe hawakuona tofauti. Nyumbani kwao wana matangi, na mwenye tangi hamjui mwenye ndoo.

Inspekta aliuliza jambo la mwisho. Mdomo wa bomba la kutolea maji uko juu kiasi gani kutoka sakafuni? Mzee akapima kwa mkono: shibiri mbili, kama nukta nne hivi. Kwa hiyo, Inspekta akasema, likibaki hivi, litaanza kuvuta upepo leo.

"Saa saba, saa nane. Mjini wataona mabombani kufika alasiri."

Inspekta alitazama saa yake, akavaa viatu.

*

Fundi rangi aliyeupaka ubao ule alikuwa na karakana nyuma ya gereji. Alikutwa amepanda stuli anapaka bango la muuza matairi, kuanzia juu. Alikuwa mtu mchangamfu, na alipoulizwa kuhusu hodhi alifurahi, maana hakuna aliyewahi kumsifia kazi ile.

Inspekta alimuuliza kwa nini moja iko juu.

"Rangi hutiririka, dada. Ukianzia chini, ukifika juu unachafua ulichomaliza. Kwa hiyo nilianza juu kwa sababu ya rangi. Nikaanza na moja kwa sababu ya hesabu. Sasa ulitaka nianze na tano?"

Inspekta alikiri kwamba ubishi wake ulikuwa na kichwa na miguu. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumlalamikia. Fundi akapunguza sauti. Ndiyo, shemeji yake. Mwenyekiti alimwoa dada yake mkubwa, na ndiye aliyempa kazi ile. Wiki ile ile, mezani, watu wanakula, shemeji akasema kuna mzee ameandika kwamba namba zimepakwa kichwa chini. Dada yake akaweka kijiko. Akasema kaka zake wamedharauliwa tangu siku ya posa, na kama leo wanadharauliwa na mlinzi wa tangi, yeye anajua njia ya kurudi kwao. Shemeji akanyamaza. Baadaye ikaja ile ngao ya shaba, na ngao haina mtu anayeirudisha.

"Kwa hiyo shemeji yako alijua."

"Shemeji yangu ni mtu wa amani," fundi alisema, akachovya brashi.

Inspekta alirudi ofisini saa nane na nusu, akaweka kijidaftari cha Mzee mbele ya katibu, kidole juu ya sahihi ya huyo huyo katibu. Katibu hakubisha, karatasi ilimtisha kuliko bastola. Alifungua kabati, akatoa faili nene kama mto wa kulalia, lililoandikwa Mengineyo. Humo ndimo zilimokuwa barua zote ambazo bodi haikupata muda wa kuzisoma katika vikao sitini na viwili. Ile ya Mzee ilikuwa karibu na chini. Ilikuwa na mistari mitatu. Pembeni, kwa wino wa kijani, mtu aliandika: Jambo la kifamilia. Lisubiri.

*

Kikao kilifunguliwa saa tisa kamili. Mwenyekiti, mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, alimkaribisha Inspekta na kumwambia taarifa yake itapokelewa kwenye ajenda ya nne, au ikiwa ndefu, kwenye mengineyo. Mzee Mfuniko alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini. Nje, mkewe alikaa juu ya furushi la masufuria.

Inspekta akasema atasubiri zamu yake.

Ajenda ya kwanza, taarifa ya kina. Katibu alisimama, akasoma bila kumtazama mtu: mita nne nukta sita. Mwenyekiti akasema ndugu wajumbe, katikati ya kiangazi, hodhi limejaa, na hii si bahati, ni uongozi. Wakapiga makofi. Mjumbe mmoja tu hakupiga, mkunga mstaafu anayewakilisha mtaa wa bondeni, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akiomba kusema na kuambiwa mama, tutakufikia.

Saa tisa na robo ilifika. Chai haikufika. Saa tisa na dakika ishirini mpishi wa chai aliingia na birika, akaligeuza juu chini mbele ya mwenyekiti. Halikudondosha kitu.

"Bomba linapiga mluzi tangu saa nane," alisema. "Kama hodhi limejaa, limejaa nini?"

Mwenyekiti akapangusa paji la uso. Akasema huu ni ushahidi mwingine, wezi wameshapita.

"Haiwezekani, mheshimiwa," Inspekta alisema. "Ukurasa wa tisa. Mwizi wako yuko likizo mpaka masika."

Mjumbe mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Inspekta hakusubiri ruhusa tena. Aliweka mezani kamba yenye mafundo, ikiwa bado ina tope. Akaeleza kwa maneno machache: hodhi likijaa, maji yako juu, na ubao unasoma sifuri na kitu. Likiisha, maji yako chini, na ubao unasoma tano kasoro. Hakuna aliyeiba tone. Siku ambazo daftari linasema hodhi tupu, bomba la kufurikia lilikuwa linamwaga, na bomba la juu haliwezi kumwaga hodhi likiwa tupu. Mwangalizi aliona, akaandika, barua ikapokelewa. Akaitoa kwenye faili, akamsogezea mwenyekiti, akamwomba asome yale ya pembeni, kwa kuwa mwandiko ni wake.

Mwenyekiti aliisoma kimya. Akaombwa aisome kwa sauti. Aliisoma kwa sauti ambayo hata katibu, aliyekaa ubavuni, ilibidi ainame. Wajumbe walitazamana, kila mmoja akihesabu sahihi zake.

Mkunga mstaafu alisimama. Safari hii hakuomba.

"Kwa hiyo miaka mitano mmetufungia maji wakati yapo, mkatufungulia tope wakati hayapo. Nimezalisha watoto kwa maji ya vidimbwi huku bata wanaoga ya bomba. Na mlikuwa mnamfukuza huyu." Alimwonyesha Mzee kwa kidevu. "Naomba ajenda ya nne ifutwe. Na naomba kanuni ya kumi na nne ifuatwe leo. Kwa macho."

Mwenyekiti akasema viatu alivyovaa si vya ngazi. Mkunga akasema na yeye alivyovaa si vya kuchotea maji, akainua mkono wake. Mikono ikainuka mmoja mmoja, kama watu wanaokiri, mpaka ikafika sita. Katibu aliuliza kwa masikitiko afanyeje na muhtasari uliokwishapigwa mhuri. Aliambiwa achukue rula apige mstari. Alipiga mstari juu ya jina la Mzee Mfuniko taratibu sana, kama anayefanyiwa upasuaji yeye.

*

Saa kumi na moja, bodi nzima ilikuwa kilimani, na safari hii hakuna aliyesimama kivulini. Fundi rangi aliteremka ndani ya hodhi na kopo lake, buti zikazama kwenye tope. Juu, kwenye kipago cha ishirini na nane, mwenyekiti alikuwa amekumbatia ukingo kwa mikono yote miwili, tai imepeperuka mgongoni, macho ameyafumba. Alikuwa amepanda kwa dakika kumi na saba, bata walimhesabia. Mzee Mfuniko alikuwa amesimama ubavuni mwake, ameshika mkanda wa suruali yake asianguke.

Kutoka ndani ilisikika sauti yenye mwangwi. "Shemeji, moja niiweke wapi?"

Mwenyekiti alifumbua jicho moja, akaliteremsha mpaka kule chini, mahali ambapo hakuwahi kutazama tangu achaguliwe. Akaguna. Akamgeukia Mzee.

"Mwambie aanzie chini, mheshimiwa," Mzee alisema. "Atachafuka. Lakini aanzie chini."

Akamwambia.

Chini, mke wa Mzee alikuwa ameshafungua shuka, na sufuria la kwanza lilikuwa mafigani, likisubiri maji. Inspekta aliweka sahihi ya shahidi kwenye daftari la vipimo na kulirudisha kwa mwenyewe. Mzee Mfuniko, aliyekuwa ameshashuka, alilifungua juu ya goti lake, akabana kalamu. Tarehe. Kina, nukta nne. Alifika kwenye safu ya maoni, akasimama kidogo, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa bado juu akiulizia kwa sauti nyembamba namna ya kushuka.

Kisha akaandika: Mwenyekiti ameona.